Wauguzi wa ICU ya watoto wafundishwe dawa za hatari kwa vitendo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie wanaosimamia hospitali zetu za Nyanda za Juu Kusini jambo lililonikaa moyoni tangu nilipostaafu uuguzi, nalo ni mafunzo ya dawa zenye hatari kubwa kwa wauguzi wanaopangiwa ICU ya watoto, yaani wodi ya watoto mahututi.

Potasiamu ya mshipa, insulini, heparini, mofini na adrenalini huokoa maisha, lakini kosa dogo la kipimo laweza kuua. Mtu mzima aliyesimama moyo hupewa ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) nzima ya adrenalini, miligramu 1 ndani ya mililita 1. Mtoto wa kilo 6 anastahili mikrogramu 60, yaani mililita 0.06 ya ampuli ileile, kiasi ambacho hakipimiki sawasawa mpaka dawa izimuliwe ifike mililita 10, ndipo zivutwe 0.6. Nukta ikihama hatua moja tu, mtoto amepewa mara kumi.

Usiku mmoja, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilimkuta muuguzi kijana ameshika ampuli ya potasiamu akidhani ni maji ya sindano. Zilifanana kwa ukubwa na rangi, na zilikaa trei moja. Hakuwa mzembe, alikuwa na wiki mbili wodini, na alichofundishwa ni semina ya asubuhi moja ya kusikiliza tu.

Ninachoomba ni mafunzo ya kitandani: mgeni afuatane na mwenyeji kwa wiki kadhaa, azimue dawa kwa mikono yake, akokotoe dozi kwa uzito uliopimwa kwenye mzani na si wa kukisia, wala asiachiwe pampu ya kuingiza dawa mshipani peke yake kabla muuguzi kiongozi na mfamasia hawajaridhika. Uhakiki wa watu wawili nao ufundishwe upya, maana wengi wetu tuliugeuza kuwa saini: mmoja anakokotoa, mwenzake anaambiwa, "Dada, nisainie hapa," naye anasaini kwa kumwamini. Inatakiwa kila mmoja akokotoe peke yake bila kuona jibu la mwenzake, ndipo walinganishe.

Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya dawa bila madhara mwaka 2017, na potasiamu kali kuondolewa kwenye trei za wodi ni ushauri wa siku nyingi. Watoto wanaoletwa Mbeya kutoka Kyela, Chunya au Sumbawanga hufika wakiwa hoi. Kabla muuguzi mpya hajapangiwa zamu ya usiku kando ya vitanda vyao, msimamizi amwone kwanza akizimua adrenalini.

Muuguzi mstaafu,
Mbeya