Visima vipimwe amonia, si klorini peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna maji ya visima yanavyopimwa mitaani kwetu hapa Dar es Salaam, hasa msimu wa mvua, kipindupindu kinapotishia na kila kisima kikamwagiwa klorini.

Juma lililopita vijana waliotumwa kupima walifika kwenye kisima tunachochota wapangaji wa nyumba sita, wakajaza kichupa, wakadondosha matone ya dawa, na maji yalipogeuka manjano wakaandika daftarini kwamba klorini ipo, wakaondoka. Choo cha shimo cha nyumba ya jirani kiko hatua 12 kutoka hapo, nilizihesabu mwenyewe. Nimefanya kazi ya maabara ya maji hadi nilipostaafu, na rangi ile haikuniridhisha.

Maji yanayopenyewa na uchafu wa chooni huwa na amonia, na klorini ikikutana na amonia haibaki huru, bali huungana nayo ikawa kloramini. Kloramini nayo huua vijidudu, lakini polepole mno, na mtu anayechota asubuhi na kunywa muda huohuo hana saa za kuisubiri. Matone yale ya manjano, yakiachwa dakika chache kichupani, husoma klorini huru na kloramini kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linataka klorini huru isiyopungua miligramu 0.5 kwa lita, dakika 30 baada ya dawa kuingia, na neno lenye uzito hapo ni "huru".

Tena kila miligramu moja ya amonia, ikihesabiwa kwa uzito wa naitrojeni iliyomo ndani yake, humeza miligramu nane hadi kumi za klorini kabla klorini huru haijaanza kuonekana. Ndiyo maana kipimo kilekile cha dawa kinachotosha kisima safi hupotea chote katika kisima kilicho jirani na choo.

Sisemi kloramini ni sumu; miji mingi ya Marekani huitia mabombani kwa makusudi kwa kuwa hudumu safari ndefu, lakini huko maji huwa yameshasafishwa kwanza, na kiwango hakiruhusiwi kuzidi wastani wa miligramu 4 kwa lita.

Ninachoomba kwa wanaohusika na afya katika kata ni vidonge vya DPD, dawa ya kupimia klorini kwa rangi, badala ya matone. Namba 1 hutoa rangi ya waridi kwa klorini huru, kisha namba 3 kikiongezwa kichupani humohumo hutoa jumla, na tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo kloramini. Amonia nayo ipimwe kabla dawa haijamwagwa, kwani maji ya ardhini kwa kawaida hayafikishi miligramu 0.2 kwa lita, na kisima kinachozidi hapo sana kichunguzwe kinapopakana na choo kabla ya kuongezewa klorini.

Kwa sasa, nyumbani kwangu tunachemsha.

Mtaalamu mstaafu wa maabara ya maji,
Temeke, Dar es Salaam