Leseni inaishi kuliko pikipiki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme la kwetu sisi bodaboda wa kijiwe cha Msamvu, hapa Morogoro.

Leseni yangu ya kwanza niliilipia 40,000, ikawa ya miaka 3. Mwaka 2019 mambo yakabadilika: miaka 5, kwa 70,000. Tulinung'unika, maana ukigawa kwa mwaka unatoka 13,300 na ushee unakwenda 14,000, sasa unafuu uko wapi? Lakini hela hutafutwa. Kilichokuja kunibana ni kingine.

Nilipokata hiyo ya miaka 5 nilichukua daraja A1, la pikipiki ndogo zisizozidi cc 125, kwa kuwa niliyokuwa nayo ilikuwa ya cc 100, ya mkataba, yaani unamlipa mwenye chombo kidogokidogo mpaka kiwe chako. Mwenye kazi hii anajua: mkataba ukiisha, na chuma kimeisha. Mnyororo unalia, injini inakunywa oili. Tajiri, yaani mwenye pikipiki, akanipa nyingine, Boxer ya cc 150. Kwa macho ni ileile, gia zilezile. Kumbe hiyo inataka daraja A, na leseni yangu bado ina miaka 3 mbele.

Nilijulishwa barabarani, njia ya Kihonda, nimempakia mama mmoja na ndoo yake ya dagaa. Trafiki aliisoma leseni mbele na nyuma, akachuchumaa, akagusa kwa kidole ile 150 iliyoandikwa ubavuni. "Hii siyo yako." Nikadhani ananiita mwizi! Yule mama akashuka, akanipa nusu ya nauli, akadandia ya mwenzangu. Simlaumu, jua lilikuwa kali na dagaa ni dagaa.

Kwenda kuongeza daraja, nikaambiwa nianze na cheti cha chuo, kama mtu asiyejua klachi iko mkono upi. Na siku ninayoshinda darasani, tajiri jioni anataka hesabu yake, hela ya siku.

Sipingi madaraja. 150 ina nguvu, na vijana wanaumia. Tena ukigonga mtu huku leseni hailingani na chombo, bima wanapata pa kutokea. Lakini leseni ya miaka 5 kwa pikipiki inayochoka ndani ya miaka 2, chombo lazima kibadilike katikati. Aliyeendesha A1 kwa miaka apimwe barabarani tu, yaishe. Askari wa usalama barabarani waje kijiweni Jumapili asubuhi, abiria wakiwa wachache. Na matajiri wasome leseni kabla ya kutoa ufunguo. Mimi niliombwa kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Daraja la leseni hakuna aliyeliuliza.

Sasa hivi naendesha cc 100 ya kuazima. Ile 150 kapewa kijana ambaye leseni hana kabisa.

Dereva bodaboda,
Msamvu, Morogoro