Barua ya Kufunga Muhula: Mtoto Anaposahau Alichosoma

Kwa wazazi na walezi wapendwa,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MASOMO YA LIKIZO

Salamu kwenu nyote. Leo tunafunga muhula, na kila mtoto anarudi nyumbani na ripoti yake. Alama zimo humo, kwa hiyo sitazirudia. Ninataka kujibu lalamiko ambalo wengi wenu mmeniletea ofisini: "Mwalimu, jana usiku somo lote alilijua, leo kwenye mtihani hakumbuki kitu. Huu ni uvivu."

Mara nyingi si uvivu. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya vipindi mbalimbali, kuanzia dakika kama 20 hadi siku 31. Sehemu kubwa ilipotea ndani ya siku ya kwanza. Baada ya hapo kasi ya kusahau ikapungua. Aliona pia kuwa marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko yaliyorundikwa siku moja. Huyo alikuwa mtu mzima tena msomi. Sembuse mtoto wa miaka 9 aliyekesha na daftari usiku wa kuamkia mtihani?

Kusoma daftari lile lile mara tano humfanya mtoto aone maneno ameyazoea, akadhani ameyajua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokuwa wamejaribu kuandika walichokumbuka bila kutazama ndio waliobaki na mengi. Nasi walimu tumekosea hapa, maana tumemsifu mno mtoto anayeinamia kitabu saa nzima bila kumwuliza amebakiwa na nini.

Basi likizo hii, ninawaomba jambo moja. Mwambie mwanao afunge daftari akueleze alichosoma kwa maneno yake. Akikwama, usimkatize, mpe muda atafute kichwani, ndipo afungue daftari ajisahihishe. Mwulize tena kesho, kisha baada ya siku chache, kisha wiki ijayo. Si lazima wewe ulijue somo. Hata mzazi ambaye hakupata kusoma anaweza kusikiliza, na mtoto hufurahi kumfundisha mkubwa. Halafu alale mapema, kwa kuwa usingizi huusaidia ubongo kuhifadhi aliyojifunza mchana.

Kwa wenye watoto wa madarasa ya chini: mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kuwa mtoto wa miaka 4 au 5, akiona maji yakimiminwa kutoka bilauri pana kwenda bilauri nyembamba ndefu, husema yameongezeka. Usimkaripie. Akili yake bado inakua, na watoto wa umri mmoja hawapigi hatua pamoja. Mpe vitu vya kushika na kuhesabu, na tafadhali msimlinganishe na dada yake.

Tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini ya ripoti. Siku hiyo ya kwanza walimu watawaomba watoto waeleze, bila daftari, walichokumbuka kutoka muhula huu. Zoezi hilo halitakuwa na alama.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu