Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Mnunuzi Anadai Cheti

Ndugu wanachama,

Ya kawaida niyapitie upesi. Kamati tendaji ilikutana kama katiba yetu inavyoelekeza. Mweka hazina atasoma hesabu zilizokaguliwa mara nitakapokaa. Ada zimeingia kwa mwendo tuliouzoea: wanaolipa mapema ni wale wale, na wanaokumbushwa ni wale wale. Sitawataja.

Muda uliobaki naomba niutumie kwa swali moja, kwa kuwa ndilo lililomfikia katibu wetu mara nyingi kuliko mengine yote: "Mteja huyu nimemuuzia miaka na miaka bila ugomvi. Leo ananidai cheti cha usimamizi wa ubora. Nimemkosea nini?"

Hujamkosea kitu. Mara nyingi yeye mwenyewe amebanwa. Kiwango cha usimamizi wa ubora cha ISO 9001, kinachoandikwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, toleo la 2015, kifungu cha 8.4, kinamtaka kila mwenye cheti aweke vigezo vya kuwatathmini wanaomletea bidhaa na huduma, kuwachagua, kuwafuatilia na kuwatathmini tena, na atunze kumbukumbu za hayo yote. Mkaguzi akifika kwake hufungua faili la wagavi. Akikuta jina lako na mbele yake hakuna maelezo ila "tunafahamiana", mteja wako anaandikiwa hoja ya ukaguzi. Angalieni lakini: kiwango hakimlazimishi kununua kwa wenye cheti peke yao, ingawa baadhi ya maofisa ununuzi huzungumza kana kwamba kinamlazimisha. Anaweza kuja kukukagua mwenyewe. Anaweza kupima kila mzigo unapoingia getini. Yote hayo yanamla watu na siku, na ana wagavi wengi. Cheti chako kinamwambia kwamba kuna mtu wa tatu, asiye wa kwako wala wa kwake, aliyekwisha kuingia kiwandani mwako na kuangalia.

Wanaodhani kiwango hiki ni mzigo waliotwishwa wauzaji na watu wa ofisini wajue kwamba mizizi yake iko upande wa mnunuzi. Mwaka 1959 jeshi la Marekani lilitoa waraka wa MIL-Q-9858, uliowataka wazalishaji wa zana wawe na mpango wa ubora unaosimamia kazi tangu mwanzo, badala ya kungoja kukagua kitu kikiwa kimeshakamilika. Uingereza ikafuata na kiwango chake, BS 5750, mwaka 1979, na ISO 9001 ya kwanza ikatoka mwaka 1987. Sababu ni ile ile hadi leo. Ziko kasoro ambazo jicho la mpokeaji haliwezi kuziona. Uimara wa chuma kilichochomelewa, kwa mfano, huwezi kuuthibitisha wote kwa kukitazama. Baadhi ya vipimo vyake vinataka ukivunje, na ukishakivunja huna cha kuuza. Mnunuzi hana budi kuamini namna kilivyotengenezwa.

Lakini swali kubwa la mnunuzi ni hili: siku mambo yakiharibika, utaweza kuniambia nini? Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinikuta. Miaka ya nyuma, kabla sijawa na mfumo wowote, mteja alinirudishia mzigo wa vipuri vilivyopwaya. Nilijiandaa kwa matusi na kwa kurudisha fedha. Hakunitukana. Aliuliza kwa upole ni mizigo ipi mingine iliyotoka katika bechi ile ile. Sikuwa na jibu. Hatukuwa tukiandika bechi. Tulikuwa tukiandika tarehe ya kusafirisha tu. Kwa kuwa sikuweza kumtenganishia kibaya na kizima, alirudisha vyote, hata vile ambavyo mpaka leo naamini havikuwa na tatizo. Baadaye tuligundua chanzo: kalipa ya kupimia ilikuwa imeanguka, kijana aliyeiangusha akaogopa kusema, nasi hatukuwa na utaratibu wa kuipeleka kwenye ugezi kuhakiki kama bado inasema kweli. Kosa la kifaa kimoja likala mzigo mzima, na mteja sikumpata tena.

Kiwango kinagusa mambo hayo hayo: vifaa vya kupimia vihakikiwe, kazi iweze kufuatiliwa hadi ilikotoka pale inapohitajika, kitu chenye kasoro kitengwe kisichanganyike na vizima, na chanzo cha kosa kitafutwe badala ya mtu wa kulaumiwa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Kijana wangu angesema siku ile ile kama angejua hafukuzwi.

Sasa niseme yasiyopendeza. Wapo wenzetu walionunua cheti kwa haraka, kwa mtu aliyewaahidi karatasi bila kukanyaga kiwandani mwao. Wanunuzi wamezikataa karatasi hizo, na wamefanya haki. ISO yenyewe huandika viwango. Haimpi mtu yeyote cheti. Cheti hutolewa na mashirika ya ukaguzi, nayo hupimwa na chombo cha ithibati, yaani kinachothibitisha kwamba shirika la ukaguzi linastahili kazi hiyo, kwa kiwango kingine, ISO/IEC 17021-1. Mnunuzi makini hutafuta nembo ya chombo hicho kwenye cheti, kisha huuliza kama kweli cheti chenyewe kipo kwenye orodha ya vyeti halali. Ukaguzi wa kwanza una hatua mbili, cheti hudumu miaka mitatu, na katikati mkaguzi hurudi angalau mara moja kila mwaka. Anayekuahidi kukuandalia mfumo na kukupa cheti yeye mwenyewe, mkimbie; shirika la vyeti haliruhusiwi kuwa mshauri wako.

Mwenzetu mwingine alikuwa na cheti halali kabisa na bado zabuni ikampita. Cheti kilitaja uuzaji na usambazaji. Zabuni ilitaka utengenezaji. Mstari mmoja wa mawanda, yaani wa kazi ambazo cheti kinazihusu, hakuwahi kuusoma.

Nimesikia pia malalamiko ya makaratasi. Toleo la 2015 liliondoa sharti la kuwa na kitabu cha mwongozo wa ubora, kwa hiyo wanaowauzia mabuku mazito wanawauzia kitu kisichodaiwa. Na wanaosema cheti hakithibitishi uzuri wa bidhaa wanasema kweli: kinahusu mfumo, na hairuhusiwi kukitangaza juu ya bidhaa kana kwamba bidhaa ndiyo iliyopewa. Wanunuzi wa sekta ya magari huongeza IATF 16949 na wa vifaa tiba hudai ISO 13485; hivyo navyo ni viwango vya mfumo, ila vina masharti ya sekta zao.

Mwaka huu tulianza kukaguana wenyewe kwa wenyewe, mwanachama mmoja akiingia kwa mwingine. Ilianza kwa aibu. Hakuna anayependa mshindani aone ghala lake. Baadhi walijitoa, na siwalaumu. Waliobaki walipata orodha ndefu za kasoro na chai nyingi. Semina ya kutunza kumbukumbu, kwa upande mwingine, ilikuwa na viti vitupu zaidi ya watu, na kamati inabeba lawama kwa kuipanga mwisho wa mwezi.

Kamati inaleta mapendekezo mawili yapigiwe kura leo. Kwanza, wanaotaka cheti waombe pamoja kwa shirika moja lenye ithibati, ili ziara za wakaguzi zipangwe kwa mfululizo na gharama za safari zigawanywe. Pili, katibu ahakiki cheti cha kila mwanachama, pamoja na mawanda yake, kabla jina halijaingizwa kwenye orodha tunayowapa wanunuzi. Najua la pili litawaondoa baadhi yetu kwenye orodha kwa muda. Cheti changu mimi kitakuwa cha kwanza kuhakikiwa, na mawanda yake nimeshayasoma: hayatoshi.

Naomba kuwasilisha.