Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: mmeshapima ardhi, sasa pimeni maji

Mheshimiwa,

Assalamu alaykum. Jina lako silitaji, nawe huna haja ya kutajiwa. Mimi ni mama wa kikundi cha mboga, pwani ya mashariki ya Unguja, upande wa maweni ambako udongo unaokotwa baina ya mawe. Ofisini kwako tumeshafika, barua kupitia kwa sheha, kiongozi wetu wa shehia, tumeshaleta, tukaambiwa suala letu linashughulikiwa. Sasa naandika hadharani, na lawama za utovu wa adabu nazipokea kabla hazijafika.

Jumatano iliyopita walikuja vijana wenye vifaa vya kupimia ardhi, wakachomeka bikoni, alama ya mpaka, katikati ya tuta la mabilingani. Nyingine ikaangukia kwenye mchicha, ukakanyagwa wote. Tulipouliza tukajibiwa kuwa ni sehemu ya pili ya mradi wa hoteli, na kwamba fidia ni ya miti ya kudumu, mboga hazihesabiwi. Minazi iliyomo mule ni michache na yote mizee. Hongera kwa hesabu nzuri.

Nakumbusha tu, maana kazi zako ni nyingi na mtu husahau. Siku ya kuweka jiwe la msingi la hoteli ulisimama mbele yetu, tumevaa kanga mpya tulizogaiwa, ukasema mboga za jikoni humo zitatoka mikononi mwa akina mama hawa. Tukapiga vigelegele. Leo gari la hoteli linapita mbele ya bustani zetu limebeba kabichi na karoti za Lushoto, zilizovuka bahari mpaka bandari ya Malindi, mjini Unguja, kisha zikaletwa huku kwa barabara. Siwalaumu wa Lushoto. Milimani kwao kuna baridi, karoti huku haitaki. Lakini bamia? Mchicha? Hata kisamvu nacho kinapanda boti?

Watu wa jikoni wanasema tungule zetu, yaani nyanya, ni ndogo na mchicha wetu umeungua pembeni. Ni kweli umeungua. Chumvi ndiyo inayouunguza.

Huku hatuna mto. Mvua za masika na vuli hupenya mwambani, maji yake yakaelea chini ya ardhi juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota kwa ndoo unapata matamu. Ukivuta kwa mota usiku na mchana, bahari inapanda kujaza nafasi. Hoteli imechimba visima vyake, ina bwawa la kuogelea, na ina majani yanayonyweshwa jua la utosi, majani ambayo hata mbuzi haruhusiwi kuyala. Tangu hapo kisima chetu kimebadilika. Kwanza yalikufa maharage, vikafuata vitunguu. Tungule zinajikongoja. Bamvua likija, bahari inapojaa sana, maji ya kisima hayafai hata kunawia uso, na matuta yakikauka yanabaki meupe juu. Tukitaka kuiosha ile chumvi, cha kuoshea ni maji yaleyale.

Siapi kwamba ni hoteli peke yake. Wapo wanaosema bahari yenyewe imepanda, wapo wanaosema mvua zimegeuka, na mzee wetu mmoja ana hakika ni mchanga uliochimbwa wakati wa ujenzi. Bwana shamba alikuja akatuhubiria samadi, matandazo na umwagiliaji wa matone, mambo mazuri yote, tukapigwa picha, akaondoka. Kipimo cha chumvi hakuwa nacho. Ati kiko kimoja, na gari halina mafuta.

Tangu 2020 tunaimbiwa Uchumi wa Buluu, uchumi wa kutegemea bahari, nasi tumeitikia. Lakini wenzetu waliokuwa wakilima mwani, maji ya bahari yalipozidi joto na mwani ukawaozea, wamekimbilia bustanini. Na bustani ikiondoka? Eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zilikuwa huko kwenye mikarafuu na minazi. Maweni hakukuwa na cha kugaiwa. Udongo huu mnaouchomeka bikoni tumeutengeneza wenyewe, kwa samadi tuliyoibeba kichwani.

Hatuombi kitalu nyumba, wala semina, wala fulana. Fidia tutaizungumza siku yake. Tunaomba maji yapimwe: kisima chetu na visima vya hoteli, siku moja, mbele ya sheha na mbele yetu, na majibu yasomwe kwa sauti. Ikionekana chumvi haitokani nao, tutanyamaza. Gari la wapima ardhi lilipata mafuta, Mheshimiwa. Basi na maji yapimwe.

Ila musije baada ya masika, kisima kimejaa na maji yanaonjeka, mkaandika kwamba tunasingizia. Njooni kiangazi hiki, kabla ya Machi, wakati wa bamvua, mota zikiwa zinanguruma. Na hao vijana wa bikoni waambiwe mabilingani yale hayajavunwa bado.

Mama wa bustani,
Pwani ya mashariki, Unguja