Najua kulima

Mwanangu,

Huku Mtama hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo, ni vumbi la salfa tu. Mikorosho imeanza kutoa maua na ugonjwa wa ubwiri unga nao haujachelewa, kwa hiyo kila alfajiri tuko shambani na bomba. Mama yako anakusalimu, anauliza kama lile shuka lilifika. Basi, salamu zimeisha. Nikupe habari unayonidai: sizoni yako nimeimaliza juzi usiku.

Ulipoiacha kwenye flashi baada ya Idi nilidhani ni maroboti yanapigana tu. Battlestar Galactica! Jina lenyewe mdogo wako ndiye kanifundisha kulitamka, na bado nakosea. Tumeitazama kidogo kidogo, mimi nikisoma yale maandishi ya chini kwa sauti, yeye akinisahihisha, bibi yako akitaka aambiwe kila mara yupi binadamu na yupi mashine. Siku ya mwisho umeme ulikatika palepale ile meli kuukuu ya angani inapojibamiza kwenye ngome ya adui, na kompyuta uliyotuachia haina betri ya maana. Tulikaa gizani karibu saa nzima tukibishana nani atakufa. Bibi yako alisema rais. Alipatia.

Wewe mwisho wake ulikuudhi, na ukaniambia hata 2009 ilipoonyeshwa watu waligombana sana. Yule rubani, Kara, mwenzake anageuka kidogo tu, akitazama tena hayupo, nyasi tupu, wala hakuna maelezo. Wewe unauita uvivu wa mwandishi. Bibi yako aliuliza, "Si alishakufa huyu?" Nikamwambia ndiyo, alikufa zamani, akarudi. "Basi kazi yake imekwisha," akaendelea kuchambua choroko zake.

Lililoniudhi mimi ni jingine. Watu karibu 40,000, masalia ya sayari 12, wanafika kwenye dunia yetu hii miaka 150,000 iliyopita, halafu wanakubali meli zote zikatupwe kwenye jua, waanze upya kama watu waliozaliwa porini. Hakuna hata mmoja aliyeulizia dawa? Mtu yeyote wa huku kwetu aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa, masika, barabara imekatika, angeficha walau kopo la vidonge ndani ya kanga. Na sizoni yenyewe inajishtaki: mwishoni inapatikana mifupa ya mtu wanayemwita mama wa watu wote, na wanasema ilikuwa ya msichana. Hakuzeeka. Angezeekaje, na dawa wamezichoma juani? Mdogo wako alicheka mpaka akatoka nje.

Hapo ndipo walipotufikia mlangoni, na wewe hukunidokeza, ulitaka nishtuke mwenyewe. Kwamba yule mtoto Hera, nusu binadamu nusu mashine, ndiye bibi yetu sote, na mifupa yake imepatikana Tanzania! Niliisimamisha nikasoma tena. Ni hadithi, najua. Huyo mama wa wote wanasayansi walimtangaza 1987 kwa kufuata mitokondria, kijisehemu cha seli ambacho mtoto hukirithi kwa mama yake. Walipima watu walio hai, hawakuchimba kaburi la mtu. Bibi yako hakuona ajabu lolote. Sisi Wamwera ukoo tumeuhesabu kwa mama toka enzi, yeye anashangaa wazungu wamechelewa. Na zile nyasi nilizitilia shaka tangu mwanzo. Mdogo wako alitafuta kwenye simu, kumbe walipigia picha Kanada, huko Kamloops.

Mifupa ya kweli ya huku unajua iliko. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 hadi 1913, wakawabebesha babu zetu mifupa ya dinosaria, mijusi ya miaka milioni 150, vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Mmoja umesimamishwa Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13. Nimelifundisha somo hilo miaka yote nikiwa na chaki na picha moja iliyochakaa, na kila mwaka alitokea mtoto wa kuniuliza, "Mwalimu, wewe umeuona?" Kwa hiyo mwishoni mwa sizoni waliposoma kwenye gazeti lao kwamba mifupa imepatikana Tanzania, swali langu la kwanza lilikuwa: na sasa iko wapi?

Lakini kalamu sikuishika kwa ajili ya mifupa. Nimeishika kwa ajili ya Baltar.

Humu ndani tulimchukia sote. Msaliti, mwongo, mtu wa wanawake, kila meli ikizama yeye anaelea. Unakumbuka pale anapokiri kwamba kwao si Caprica kwa wakubwa, kwao ni Aerilon, sayari ya wakulima, na kwamba tangu ana miaka 10 alijifundisha lafudhi ya Caprica mpaka ya kwao akaizika? Nililisikia likapita. Sasa kwenye hii ya mwisho wanamwonyesha baba yake, mzee mkorofi, kamchoma muuguzi kwa kisu cha mezani, na mwana anamfokea, anaona haya mbele ya mgeni wake. Kisha vita vimekwisha, nchi tupu iko mbele yao, yeye na yule mwanamke wanatafuta pa kukaa. Anatazama ardhi, anasema panafaa kwa kilimo. Halafu anasema anajua kulima. Sauti inamkatika hapohapo. Analia. Ni sekunde chache tu, wakaenda zao.

Nilinyanyuka nikasema nakwenda kuangalia mbuzi.

Mwaka 1983 nilikuwa chuo cha ualimu, mkoa wa mbali. Wenzangu niliwaambia natoka Lindi mjini, baba yangu ana duka. Babu yako akaja bila taarifa, siku tatu juu ya malori, kiroba cha korosho begani. Alikuwa kazikaanga mwenyewe, kazibangua mwenyewe. Mafuta ya maganda yalikuwa yamembabua vidole, vyeusi mpaka kwenye kucha, ngozi inabanduka. Tulikuwa tumesimama watu sita chini ya mwembe. Mmoja akaniuliza, nani huyu? Nikasema, "Ni mtu wa nyumbani."

Babu yako alinitazama. Akawaambia wenzangu, "Ndiyo, tunapakana mashamba." Akafungua kiroba, akawagawia wote, kiganja kwa kiganja, hakumruka mtu. Kilichobaki akanikabidhi, akaomba aelekezwe stendi. Sikumsindikiza. Nilikuwa na kipindi.

Hatukulizungumza mpaka anaingia kaburini. Bibi yako hajui hata leo. Kwake yeye mzee alisafiri, akarudi, akasema mtoto mzima, amenenepa. Mama yako amelijua juzi, alipokuja kuniuliza mbuzi wana nini.

Sasa hiyo Desemba yako. Umesema mnakuja na wenzako wa kazini, na mtafikia gesti Lindi mjini kwa kuwa huku maji ni ya shida. Maji ni ya shida, kweli, hujasema uongo. Na nimekusikia kwenye simu, ukiwa na watu karibu unamjibu bibi yako kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio, yeye ananirudishia simu akiniuliza huyu ni nani. Namwambia ni mtandao. Sikusemi. Mimi nitapanda basi la asubuhi nije Lindi, nitakuwa na korosho za msimu mpya. Wenzako wakiuliza huyu mzee nani, jibu utakaloona linafaa. Mimi langu ninalo toka 1983.

Nisisahau, flashi ukija nayo uijaze. Mdogo wako kasoma kwamba hii ilifuata nyingine ya zamani, ya 1978, anataka aione. Na tununulie barakoa za kupulizia salfa, zile nene. Nne zitatosha, ya bibi yako iwe ndogo.

Baba yako