Tujenge upya namna tunavyojenga

Mhariri,

Tangu jengo la ghorofa liporomoke Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, mjadala umeelemea kumtafuta mwenye kosa, ilhali swali la namna tunavyojenga limebaki pembeni. Nimekuwa fundi mwashi jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na katika saiti nyingi nilizopita zege bado hukorogwa kwa koleo, maji yakimiminwa kwa kukadiria, na mbao za nguzo hufunguliwa kabla zege halijakomaa kwa kuwa mwenye jengo ana haraka ya kupangisha.

Sera ya kutenga miradi isiyozidi shilingi bilioni 50 kwa makandarasi wazawa naiunga mkono. Hata hivyo, haimsaidii sana mkandarasi asiye na mtambo, ambaye malipo yake ya kazi za umma yakichelewa hawezi hata kukopesheka benki.

Napendekeza Serikali, kupitia Baraza la Taifa la Ujenzi, ishirikiane na vyama vya makandarasi kuanzisha vituo vya kukodisha mitambo kwa bei nafuu pamoja na maabara ndogo ya kupimia zege katika kila wilaya, na sehemu ya ada ya kibali cha ujenzi, ambayo wenye majengo tayari wanailipa, ielekezwe huko. Urasimishaji wa ujuzi, yaani kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, nao ufuate watu saiti; fundi wa kutwa akienda darasani, siku hiyo nyumbani hakupikwi.

Fundi mwashi,
Temeke, Dar es Salaam